Miaka 100 ya Alliance: Ratiba, Idara na Jukwaa la Kiswahili

Kila panapofanyika hafla ya shule ya Alliance, hakosi mtu wa kusoma orodha ya wakubwa. Mbiyu Koinange, Jaramogi Oginga Odinga, James Gichuru, Ronald Ngala, Charles Njonjo. Kisha makatibu wakuu, majaji, maaskofu na maprofesa, mpaka waliokaa mbele waanze kutazama saa. Orodha hiyo ni ya kweli, haihitaji kutetewa. Serikali ya kwanza ya Kenya huru ilijaa watu waliolala katika mabweni ya shule hiyo pale Kikuyu, na Benjamin Kipkorir, ambaye naye alisomea hapo, aliandika tasnifu nzima katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1969 kueleza jinsi shule moja ilivyolea tabaka la viongozi wa nchi.

Lakini shule inapotimiza miaka 100, kama Alliance ilivyotimiza tarehe 1 Machi 2026, inafaa iulizwe pia ilifundisha nini. Nani aliamua kijana wa Kiafrika asome hesabu za aina gani, ashike jembe saa ngapi, na lugha ipi ihesabiwe kuwa elimu na ipi iachwe uwanjani? Majibu hayako kwenye picha za mawaziri. Yako kwenye ratiba, ile karatasi inayobandikwa ukutani mwa chumba cha walimu. Mimi naiamini ratiba kuliko hotuba, maana ratiba haina haja ya kumfurahisha mgeni wa heshima.

Shule ilianzishwa na muungano wa misheni za Kiprotestanti: Kanisa la Scotland, Wamethodisti, Church Missionary Society (CMS) ya Waanglikana na Africa Inland Mission (AIM). Misheni hizo zilikuwa zimekubaliana kushirikiana mwaka 1918, baada ya mikutano mirefu iliyofanyika Kikuyu penyewe. Kila moja ilikuwa na shule zake za msingi, na hapakuwa hata moja iliyoweza kuibeba shule ya upili peke yake. Pakachaguliwa Kikuyu, kiasi cha kilomita 20 kutoka Nairobi, jirani na misheni ya Waskoti pale Thogoto na si mbali na kituo cha gari moshi. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wavulana wasiofika 30. Mwalimu mkuu alikuwa Mskoti, George Grieves, naye alikaa katika kiti hicho hadi mwaka 1940.

Kabla ya chaki ya kwanza kugusa ubao, mabishano juu ya yatakayofundishwa yalikuwa yamepamba moto. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwa Dkt. James Aggrey wa Gold Coast, mtu aliyewavutia sana Waafrika kwa kuwa alikuwa mweusi mwenzao na msomi. Tume ilishauri elimu inayolingana na mazingira ya mwanafunzi: kilimo, afya, kazi za mikono, maisha ya kijijini. Maneno matamu, lakini masikio yaliyoyasikia yalikuwa tofauti. Masetla walisikia kwamba Mwafrika asisome mno. Serikali ilisikia kwamba itapata makarani na maafisa wadogo wa kilimo. Misheni zilitaka walimu na wainjilisti. Wazazi wa Kiafrika, ambao hakuna aliyewauliza, walitaka mtoto wao asome kile kile alichokuwa akisoma mtoto wa Mzungu, kwa sababu walikuwa wameona kwa macho yao ni elimu ipi inayompa mtu kalamu na ipi inayompa jembe.

Ratiba ya miaka ya mwanzo ilijaribu kuwaridhisha wote hao kwa mpigo. Mwanafunzi alipata kwanza masomo ya jumla, halafu akaelekezwa kwenye kazi: ualimu, kilimo au ukarani. Kuzungumzia idara wakati huo kungekuwa mzaha. Walimu walikuwa wachache, na mmoja aliweza kuingia darasani na hesabu asubuhi, Biblia kabla ya chakula, na jioni akasimamia vijana wakifyeka majani. Hata hivyo, matunda ya kwanza yalionyesha upesi kwamba wanafunzi hawakukubali kukatiwa kipimo. Eliud Mathu, aliyekuwa katika kundi la kwanza, alirudi kufundisha hapo hapo, akaenda Fort Hare huko Afrika Kusini, baadaye Exeter na Oxford, na mwaka 1944 akawa Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Mbiyu Koinange hakukaa sana: mwaka 1927 alikwisha kwenda Hampton, Virginia. Aliporudi alifungua Chuo cha Ualimu cha Githunguri, mwaka 1939, chuo cha Waafrika chenye ratiba iliyopangwa na Waafrika. Githunguri ni mkosoaji wa kwanza mkubwa wa Alliance, na ni mkosoaji aliyetoka ndani ya nyumba.

Katika miaka ya 1930 mambo yaligeuka taratibu. Chuo cha Makerere, Uganda, kilikuwa kikipanda hadhi na kilihitaji vijana walioiva. Ili waive, ilibidi wafanye mtihani unaotambulika, na mtihani uliotambulika ulitoka Cambridge. Hivyo ndivyo mafunzo ya ukarani na kilimo yalivyosukumwa pembeni. Hakuna aliyetangaza kwamba falsafa ya Phelps-Stokes imezikwa. Masomo ya mtihani tu ndiyo yaliyoanza kula saa za ratiba, moja baada ya jingine, kama mchwa na mlango. Kufikia miaka ya 1940 Alliance ilikuwa shule ya cheti cha Cambridge, na wazazi wakawa wameshinda bila kuitisha mkutano hata mmoja.

Mwaka huo wa 1940 alifika Edward Carey Francis. Huyu alikuwa mwanahisabati, mhadhiri wa Cambridge na mwanazuoni wa chuo cha Peterhouse huko huko, aliyeacha cheo ambacho wenzake wangekishikilia kwa mikono miwili, akaja Kenya mwaka 1928 kuongoza shule ya Maseno. Alikaa Alliance miaka 22. Juu yake yamesemwa mengi, mazuri na machungu: ukali wake, uchaji wake, imani yake isiyotikisika kwamba dola ya Uingereza ilikuwa na nia njema. Mimi humtazama kama mkuu wa idara. Alipenda hesabu zenye hatua, ambapo jibu sahihi lisiloonyesha njia halina maana, na vitabu vyake vya hesabu vilifika katika shule nyingi ambazo yeye mwenyewe hakuzikanyaga. Kwa walimu wa hisabati Waafrika alikuwa shule ndani ya shule. Bethwell Ogot, ambaye dunia inamjua kwa historia, alifundisha hisabati Alliance katika miaka ya 1950. Ni jambo la kufurahisha kwamba mtu aliyekuja kutuonyesha jinsi ya kuandika historia ya Waluo kutokana na masimulizi ya wazee alianza kwa kuandika milinganyo ubaoni.

Francis alipostaafu mwaka 1962 hakurudi kwao kulima waridi. Alikwenda kufundisha Pumwani, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, akiwa mwalimu wa kawaida, na alifariki mwaka 1966 akiwa bado mwalimu. Katika yote aliyoyafanya, hilo ndilo ninaloliheshimu kuliko mengine.

Sayansi ilichelewa kidogo, kama ilivyochelewa katika shule nyingi za Waafrika, kwa sababu maabara ni ghali na serikali ya kikoloni haikuwa na haraka. Wasichana nao walingoja hadi mwaka 1948, ilipofunguliwa kwa ajili yao shule jirani iliyoitwa kwanza African Girls' High School, ambayo leo ndiyo Alliance Girls. Ilikuwa imepita miaka 22. Kwa shule inayosifiwa kwa kuona mbali, hilo ni deni.

Idara iliyotawala zote ilikuwa ya Kiingereza. Hapa lazima tuelewe kanuni ya Cambridge: aliyeanguka Kiingereza alikosa cheti, hata kama ametia fora katika masomo mengine yote. Kijana angeweza kuwa bingwa wa fizikia akarudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu ya insha moja. Kwa hiyo Kiingereza hakikuwa somo tu, kilikuwa mlinzi wa mlango wa masomo mengine yote. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeingia Alliance Januari 1955, amelieleza vizuri jambo hili katika maandishi yake, na kumbukumbu zake za miaka minne ya Kikuyu zilitoka mwaka 2012 katika kitabu alichokiita kwa jina lililochukuliwa kutoka kwa Bunyan, *In the House of the Interpreter*.

Fahari ya idara hiyo ilikuwa mchezo wa Shakespeare wa kila mwaka. Katika miaka minne ya Ngũgĩ shuleni ilichezwa As You Like It, sehemu ya kwanza ya Henry IV, King Lear na A Midsummer Night's Dream. Wageni walialikwa na mazoezi yalikula majuma. Mavazi yalishonwa, na kijana wa Murang'a au Kisumu alisimama jukwaani kama mfalme mzee wa Uingereza aliyegawa ufalme wake kwa upumbavu. Wapo wanaoyacheka mambo haya leo. Mimi siyacheki, kwa sababu mwanafunzi aliyejua King Lear kwa moyo alijua pia jinsi utawala unavyooza, na maarifa hayo hayana pasipoti. Miongoni mwa walimu wa Kiingereza wa wakati huo alikuwako mshairi Joseph Kariuki, Mwafrika, jambo ambalo peke yake lilimwambia mwanafunzi kitu ambacho hakikuandikwa kwenye mtaala.

Ila wageni wa Shakespeare walipokuwa wakipanda magari yao kurudi Nairobi, kulikuwa na mchezo mwingine ukipikwa shuleni hapo hapo. Huu haukuwa na idara, haukuwa na mtihani, na haukutungwa na mtu aliyekufa zamani. Uliandikwa na wanafunzi wenyewe, kwa Kiswahili.

Mwaka 1954 mwanafunzi aitwaye Henry Kuria aliandika tamthilia akaiita Nakupenda, Lakini... Mwaka uliofuata Kimani Nyoike alileta Maisha ni Nini? Mwaka 1956 ikaja Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi ya Gerishon Ngugi, ambaye si yule Ngũgĩ tunayemjua wengi. Mwaka 1957 B. M. Kurutu akatoa Atakiwa na Polisi. Tamthilia nne, miaka minne, shule moja. Zilichezwa kufunga mwaka wa masomo, na ile ya Kuria ilitoka nje ya ua wa shule ikachezwa hadi Nakuru, katika ukumbi wa kijamii wa Menengai. Ilichapwa kitabu mwaka 1957. Wanaoandika historia ya tamthilia ya Kiswahili huzitaja kazi hizi miongoni mwa za mwanzo kabisa zilizoandikwa na Waafrika na kufika kwenye karatasi ya chapa. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ambayo wengi wetu tulifundishwa kuiona kama chemchemi, ilitoka mwaka 1969.

Soma tena majina yale manne, moja baada ya jingine. Nakupenda, lakini. Maisha ni nini? Nimelogwa, nisiwe na mpenzi. Atakiwa na polisi. Hakuna mfalme hapo wala msitu wa Arden. Kuna mapenzi yenye kikwazo, kuna swali la kijana ambaye hajui kesho yake, kuna uchawi na wivu, na mwishoni kuna polisi. Hayo ni mambo ya mtaani Pumwani na Bondeni, ya barua za mapenzi zinazoandikwa chini ya mto wa bweni, ya mjomba anayesema binti karogwa. Mtu aliyeuza mboga stesheni ya Kikuyu angeelewa kila kitu kuanzia jina tu.

Sasa weka miaka hiyo mahali pake. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Magazeti ya Kigĩkũyũ yalipigwa marufuku. Aprili 1954 jeshi liliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil na maelfu ya watu wakakokotwa kwenda vizuizini. Ngũgĩ, alipokwenda nyumbani Limuru baada ya muhula wake wa kwanza, alikuta kijiji chao kimebomolewa na watu wamehamishwa. Kaka yake alikuwa msituni na Mau Mau. Alliance ilikuwa kama kisiwa katikati ya moto huo: nyasi zilizokatwa sawasawa, kengele inayolia kwa wakati, sala, na nje ya lango vibali vya kutembea na bunduki. Katika miaka kama hiyo, kijana kuandika mchezo unaoitwa Atakiwa na Polisi si jambo dogo, hata kama polisi mwenyewe ndani ya mchezo angekuwa wa kuchekesha.

Kwa nini Kiswahili? Sababu ya kwanza ni ya kawaida kabisa. Bweni moja la Alliance lilikuwa na Mkamba, Mjaluo, Mgĩkũyũ, Mluhya, Mgiriama na Mtaita, na mzaha unaotaka kuwachekesha wote hauwezi kutumia lugha ya mmoja. Sababu ya pili ni hadhira. Kiingereza kilikuwa na wageni waalikwa. Kiswahili kilikuwa na wapishi, makarani wa stesheni, wazazi, na watu wa Nakuru waliolipa kiingilio. Sababu ya tatu nadhani ndiyo kubwa: katika Kiswahili hapakuwa na mwalimu wa kukusahihisha. Kilikuwamo kwenye orodha ya masomo ya Cambridge, ndiyo, lakini hakikuwa mlinzi wa mlango. Aliyekosea ngeli hakukosa cheti. Uhuru wa namna hiyo, wa kuandika bila kalamu nyekundu kuning'inia juu ya kichwa, ndio unaozaa waandishi.

Haki itendeke kwa Mzungu mmoja hapa. Graham Hyslop, aliyekuwa afisa wa muziki na drama wa serikali ya koloni, alijitungia tamthilia za Kiswahili, Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu, zote zikatoka mwaka 1957, na alihimiza maigizo ya lugha hiyo mashuleni. Baadaye, 1963, alikuwa katika jopo lililotunga wimbo wa taifa. Nia ya serikali katika kuhimiza drama haikuwa ya kisanaa tu, hilo lijulikane. Michezo yenye kicheko ilionekana kuwa burudani salama wakati wa vita. Wanafunzi wakalitumia jukwaa walilopewa kwa mambo yao. Huko pwani, kwa njia nyingine, mhitimu mwingine wa Alliance alikuwa amekwisha onyesha mfano: Ronald Ngala, kabla ya siasa kumchukua, aliandika Nchi na Desturi za Wagiriama, kitabu cha Kiswahili kilichotoka mwaka 1949.

Kuna jambo jingine linalonisumbua. Nchi jirani, miaka michache baadaye, Mwalimu Nyerere alimtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili. Julius Caesar yake ilitoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi ikafuata mwaka 1969. Alliance ilikuwa na Shakespeare jukwaani na Kiswahili jukwaani, katika ukumbi ule ule, na viti vile vile. Hawa wawili hawakukutanishwa. Laiti idara ya Kiingereza na wale vijana wa maigizo ya mwisho wa mwaka wangekaa meza moja, pengine Lear angenena Kiswahili Kikuyu kabla ya Kaizari kukinena Dar es Salaam.

Mbegu ilikuwa imekwisha kuanguka, hata hivyo. Tarehe 24 Oktoba 1968, walimu watatu wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na mahali pake pawekwe idara itakayoanza na fasihi ya Afrika, pamoja na fasihi simulizi na lugha zetu. Hoja yao haikuwa kwamba Kiingereza kitupwe baharini. Waliuliza tu: kwa nini sisi tuwe pembezoni mwa ratiba yetu wenyewe? Ngũgĩ, aliyefariki Mei 2025, alirudia mara kadhaa katika maandishi yake kuzitaja zile tamthilia za Kiswahili za Alliance alipoeleza historia ya jukwaa la Kenya. Alikuwa mwanafunzi tatu za mwisho zilipochezwa. Mwaka 1977, pale Kamĩrĩĩthũ, Limuru, alipoandaa mchezo wa Kigĩkũyũ na wakulima na wafanyakazi, na serikali ikamtia kizuizini mwisho wa mwaka, alikuwa akifanya kwa lugha ya kijijini kile ambacho Kuria na wenzake walikifanya kwa lugha ya bwenini.

Baada ya uhuru Alliance ilifanya yale yote ambayo shule kubwa za Kenya zilifanya, na hapa nitapita haraka. Palikuwa na vidato vya tano na sita. Francis Imbuga, mtunzi wa Betrayal in the City, alikuja kwa masomo hayo baada ya shule ya Chavakali. Laurence Campbell alimrithi Carey Francis na kuipitisha shule katika miaka ya kwanza ya uhuru. Mtihani wa Cambridge uliupisha ule wa Afrika Mashariki, nao Jumuiya ilipovunjika ukaupisha wa Kenya peke yake. Hisabati mpya, yenye seti na matriki, iliingia kwa kishindo katika miaka ya 1960 na kufutwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya kuwaacha wazazi wengi wasiweze kuwasaidia watoto wao kazi ya nyumbani. Maabara zilijengwa. Fizikia, Kemia na Baiolojia zikawa idara tatu badala ya moja, kila moja na mkuu wake, na bajeti ya kugombania.

Badiliko lililokigusa Kiswahili lilikuja na mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 kufuatia mapendekezo ya Tume ya Mackay. Tume ya Gachathi ilikuwa imeshauri jambo hilo tangu 1976, lakini ushauri nao una foleni yake. Kiswahili kikawa lazima kwa kila mwanafunzi, na kikatahiniwa. Somo ambalo kwa vizazi vya Cambridge lilikuwa la hiari, la kujazia, likawa na uzito sawa na Hisabati. Shule ambazo hazikuwa na mwalimu hata mmoja wa Kiswahili aliyehitimu zilianza kuhangaika, na Idara ya Kiswahili, ambayo Alliance ya miaka ya 1950 haikuwa nayo ingawa ilikuwa na waandishi, ikazaliwa rasmi katika kila shule ya upili nchini.

Kwa asiyejua, karatasi za mtihani wa Kiswahili ziko tatu. Ya kwanza, 102/1, ni insha: swali la kwanza ni la lazima, mara nyingi la uandishi wa kiamilifu kama barua, hotuba au ripoti, kisha mwanafunzi huchagua moja katika matatu, mara nyingi methali au mdokezo wa kuanzia au kumalizia. Ya pili, 102/2, ina ufahamu, ufupisho, matumizi ya lugha na isimujamii. Alama 40 kati ya 80 ni za matumizi ya lugha peke yake, na hapo ndipo ngeli, vinyambuo na uchanganuzi wa sentensi kwa vishale na matawi huwatoa watu jasho. Ya tatu, 102/3, ni fasihi: riwaya, tamthilia, hadithi fupi, ushairi na fasihi simulizi. Katika vitabu teule vya miaka iliyopita vimepita Utengano wa Said Ahmed Mohamed, Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia, Mstahiki Meya wa Timothy Arege, Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora, Kigogo cha Pauline Kea, Chozi la Heri la Assumpta Matei na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege tena.

Idara imara, basi, yenye karatasi tatu na vitabu vinavyobadilika. Lakini sina budi kusema lisilopendeza. Mwanafunzi wa leo anaweza kukuchambulia tamthilia kwa maudhui, dhamira, wahusika na mbinu za lugha, akataja tashihisi tano na jazanda mbili, asiwe amewahi kuandika ukurasa mmoja wa mazungumzo ya watu wawili wanaogombana kwa Kiswahili. Yule Gerishon Ngugi wa 1956 pengine hakujua jazanda ni nini. Alijua jinsi ya kumfanya mtu wa safu ya nyuma acheke. Tumekipandisha cheo Kiswahili tukakiondolea mchezo. Tamasha la kitaifa la drama lipo, na shule hushindana humo kwa bidii, ila mara nyingi hati hutungwa na mwalimu au mtaalamu wa kulipwa, na kijana kazi yake ni kukariri.

Mwaka huu wa 100 umeikuta shule katikati ya hamahama nyingine. Chini ya mtaala wa umilisi, Gredi ya 10 ya kwanza nchini imeingia sekondari pevu Januari 2026, huku wanafunzi wa mwisho wa 8-4-4 wakiwa bado kidato cha tatu na cha nne. Mtihani wao wa mwisho ni mwaka 2027. Kuna njia tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; na sanaa na michezo. Kiingereza na Kiswahili ni vya wote, na Hisabati, baada ya mvutano mkali, ikabaki ya wote. Wazazi wengi wa watoto wenye alama za juu wataikimbilia njia ya kwanza, na shule kama Alliance zitaona fahari kuijaza. Ni mabishano yale yale ya 1926: nani apewe kalamu, nani apewe jembe. Tofauti ni kwamba sasa jembe limepakwa rangi likaitwa sanaa.

Ila njia ya sanaa, ikichukuliwa kwa uzito, ina kitu ambacho Alliance hiyo hiyo ilikivumbua bila mtaala. Sanaa za maonyesho sasa ni somo, lenye saa zake kwenye ratiba. Historia ya shule hii inasema kwamba kijana akipewa jukwaa, lugha anayoimiliki na mwalimu anayejua kunyamaza, ataandika kitu ambacho wataalamu watakitaja miaka 70 baadaye.

Kwa hiyo ombi langu kwa bodi ya shule, kwa Idara ya Kiswahili, na hasa kwa wanafunzi wa zamani wanaochanga pesa za sherehe za karne hii: kabla ya kununua jiwe jingine la kumbukumbu, tafuteni Nakupenda, Lakini..., Maisha ni Nini?, Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi na Atakiwa na Polisi. Zichapwe upya kwa jalada moja, nakala ziwekwe katika maktaba ya shule na katika kila shule ya upili ya kaunti. Kisha Gredi ya 10 ya kwanza izicheze zote nne, kwa Kiswahili, katika ukumbi huo huo, na kiingilio kiwe bure kwa watu wa Kikuyu na Thogoto.